Ithibati ya Tanuri: Kisa cha Chupa za Devonport na Elimu Iliyozaliwa Nayo

Mpishi wa pwani anayeijua kazi yake, wali ukishakaribia kukauka maji, huchota makaa ya moto akayapalia juu ya mfuniko, kwa kuwa alijifunza kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, kwamba moto wa chini peke yake haufiki kila pahali chunguni, na kwamba punje za juu zaweza kubaki na kiini ilhali za chini zimekwisha kushika ukoko. Jikoni, hasara ya moto usiofika ni wali mbichi. Katika kiwanda kimoja cha dawa huko Uingereza, moto usiofika ulihusishwa na vifo vya wagonjwa watano. Na kutokana na msiba huo, pamoja na mingine iliyoutangulia, ikakua elimu ambayo leo hii kila chupa ya dripu, kila sindano na kila chanjo iliyo salama inaitegemea, ingawa ni wachache mno kati yetu tunaoijua hata kwa jina.

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi 1972, katika hospitali ya Devonport, sehemu ya mji wa Plymouth, wagonjwa waliokuwa wametoka kupasuliwa walitundikiwa maji ya sukari ya dextrose, yale ambayo hupewa mgonjwa ili apate nguvu, na badala ya kupata nguvu wakazidiwa. Chupa zilipochunguzwa zikakutwa zina bakteria. Chupa hizo zilitengenezwa mwaka mmoja nyuma, mwezi wa Aprili 1971, katika kiwanda cha Evans Medical kilichokuwa Speke, karibu na Liverpool, nazo zilikuwa zimepitishwa katika tanuri la mvuke kama ilivyo ada, na sampuli zake zimepimwa na kuonekana safi, na karatasi zote zimetiwa sahihi. Serikali ikaunda kamati chini ya mwanasheria Cecil Clothier, nayo ikatoa ripoti yake mwezi wa Julai mwaka ule ule.

Kamati ilibaini jambo ambalo kila mtu aliyepata kufanya kazi na mvuke anapaswa kulitia moyoni. Tanuri la mvuke, ambalo asili yake ni chombo alichokibuni Mfaransa Charles Chamberland mwaka 1879 alipokuwa akifanya kazi na Louis Pasteur, haliui viini kwa shindikizo, kama wengi wadhanivyo, bali kwa joto la mvuke ulio safi, usiochanganyika na hewa. Na kwa kuwa hewa ni nzito kuliko mvuke, isipotolewa yote hutuama chini ya tanuri, na pale ilipotuama joto halipandi, hata kama kipimo cha shindikizo kinaonyesha kwamba kila kitu ni barabara. Siku ile hewa haikutoka. Chupa za juu zikaiva, za chini hazikuiva. Na lililo zito zaidi ni kwamba kipimajoto kinachoandika chenyewe kwenye karatasi kilionyesha wazi kwamba joto halikufika linapotakiwa. Lakini waliokuwa zamuni, wakidhani kuwa chombo hicho ndicho kibovu, walikiacha wakafuata dalili nyingine zilizowatuliza nyoyo.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama sampuli zilipimwa, ilikuwaje zisionyeshe kasoro? Jawabu lake ni la hesabu, nalo ni jawabu la kutisha. Chukua shehena ya chupa ambayo katika kila 100 imo moja yenye vijidudu, kisha uchague chupa 20 bila ya upendeleo uzipeleke maabara. Hesabu yasema kwamba takriban mara 82 katika kila mara 100 utakazofanya hivyo, chupa zote 20 zitatoka safi, na mpimaji, akiwa mwaminifu kabisa, ataandika kwamba shehena yote ni salama. Wala haiwezekani kuzipima zote, maana chupa iliyofunguliwa ili ipimwe haifai tena kwa mgonjwa. Punje moja ya wali yaweza kukuambia habari ya punje hiyo. Haikuambii habari ya chungu kizima, isipokuwa kwanza uwe na yakini kwamba moto umefika kila upande wa chungu hicho.

Haja ya kuthibitisha kabla ya kuamini si ya jana. Mwaka 931, yaani 319 Hijria, mgonjwa mmoja alifariki mjini Baghdad kwa kosa la tabibu, na habari ilipomfikia Khalifa al-Muktadir, akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote mpaka amekwisha kutahiniwa na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit, isipokuwa wale ambao umashuhuri wao ulitosha kuwa shahada. Waliokuja kutahiniwa katika pande mbili za mji walizidi 860. Wapokezi wa habari wanasimulia kwamba miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, aliyekiri mbele ya Sinan kwamba hajui kusoma wala kuandika, akamsihi asimkatie riziki ya watoto wake; na Sinan akamruhusu kwa sharti asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua. Mimi nakipenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba mtihani haukukusudiwa kuwafukuza watu kazini, bali kuuwekea kila ujuzi mpaka wake unaojulikana.

Karne mbili baadaye, Abdurrahman bin Nasr al-Shayzari wa Sham aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, na ndani yake mna milango ya watengenezaji wa sharabati za tiba na ya wauza dawa, inayoeleza hila za kughushi na njia za kuzigundua. Hapo tunaona hatua mbili za kwanza za taarikh hii: kumpima mtu, na kuipima bidhaa yake. Hatua ya tatu, ya kuipima kazi yenyewe wakati inapotendeka, ilisubiri viwanda vikubwa, na kwa bahati mbaya ilisubiri pia maiti.

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuwauzia watu dawa ya sulfanilamidi katika hali ya maji, na mkemia wake akagundua kwamba dawa hiyo huyeyuka vizuri katika kimiminika kitamu kiitwacho daiethilini glaikoli. Dawa ikapimwa ladha yake, na rangi yake, na harufu yake, ikaonekana njema. Haikupimwa kama ina sumu, kwani sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kufanya hivyo. Wakafa watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto wengi. Kosa pekee ambalo serikali iliweza kumshitakia mwenye kiwanda lilikuwa la jina, kwamba aliiita dawa yake kwa neno lililomaanisha kuwa ina kileo ilhali haina. Mwaka uliofuata, 1938, Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi sheria iliyomtaka kila mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa mpya kabla haijafika dukani.

Walakini sheria hiyo ilitazama dawa, haikutazama kiwanda. Miaka michache baadaye vidonge vya sulfathiazoli vikachanganyika kiwandani na dawa kali ya usingizi, na watu wapatao 300 wakafa au kudhurika. Mwaka 1955 chanjo ya polio iliyotoka katika maabara moja ya California ikakutwa ina virusi hai, kwa kuwa hatua ya kuviua haikukamilika, ikawapoozesha watoto iliyokusudiwa kuwakinga. Na kati ya mwaka 1970 na 1971, hospitali 25 za Marekani zilipata wagonjwa 378 walioingiwa na bakteria katika damu kupitia chupa za dripu, baada ya kiwanda kubadilisha utando wa ndani wa kizibo. Kizibo tu! Jambo ambalo mnunuzi wa vifaa angeweza kulihesabu kuwa ni dogo lisilostahiki hata kikao.

Ndipo katikati ya miaka ya 1970 maofisa wawili wa mamlaka ya dawa ya Marekani, Ted Byers na Bud Loftus, wakaipa sura rai ambayo misiba hii ilikuwa inaililia: kwamba haitoshi mtengenezaji kuonyesha chupa zilizopimwa, bali aonyeshe kwa maandishi, kabla hajaanza kuuza, kwamba tanuri lake, maji yake, hewa ya chumba chake na mikono ya watu wake, kila vinapofanya kazi kwa namna iliyopangwa, hutoa kitu kile kile kisichobadilika. Kanuni za mwaka 1978 zikaikaza rai hiyo, na mwaka 1987 ukatoka mwongozo kamili. Kwa Kiswahili neno linalonijia ni ithibati, nami nalipenda kuliko maneno mengine, kwa sababu hubeba maana ya kitu kilichosimamishwa juu ya ushahidi, si juu ya dhana njema.

Ithibati ya tanuri hufuata ngazi tatu, na hairuhusiwi kuruka hata moja. Kwanza huangaliwa kama kilichofungwa ndicho kilichoagizwa: mabomba yamepita panapopasa, vali ni zile zilizoandikwa, umeme ni wa kiasi chake, na vipimajoto vimelinganishwa na kipimo kinachoaminika. Kisha tanuri huwashwa likiwa tupu, likasukumwa mpaka kwenye mipaka yake ya juu na ya chini, ili ijulikane kama mlango unakataa kufunguka shindikizo likiwamo, na kama kengele inalia inapotakiwa kulia. Mwisho, na hapa ndipo penye roho ya jambo zima, tanuri hujazwa shehena kamili kama ya siku ya kazi, nyaya za kupimia joto zikatawanywa kati ya chupa, hasa chini karibu na tundu la kutolea maji ambako hewa hupenda kujificha, zikawekwa pia mbegu za bakteria wanaostahimili mno moto, kisha mvuke ukafunguliwa. Kama joto la nyuzi 121 limefika na kudumu dakika 15 hata katika kile kipembe kilicho baridi zaidi, na mbegu zile zikafa zote, huandikwa. Kisha hurudiwa, na desturi ikawa mara tatu mfululizo. Lengo ni kwamba uwezekano wa chupa moja kubaki na kiini hai usizidi mmoja katika milioni, kadiri ambayo hakuna upimaji wa sampuli duniani uwezao kuionyesha.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ilichelewa kupata mamlaka ya kuisimamia, lakini ilipofika haikukaa bure. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2001 utaratibu wake wa kuzihakiki dawa na viwanda kabla mashirika ya kimataifa hayajanunua, na mwaka 2011 kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu, nchini Kenya, kikapita uhakiki huo kwa dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Tanzania ilitunga sheria yake ya chakula na dawa mwaka 2003. Mwaka 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikazindua Arusha mpango wa kuoanisha taratibu zao za kusajili dawa. Na mwezi wa Desemba 2018 mamlaka ya Tanzania, ambayo leo inaitwa TMDA, ikawa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika hilo kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Sifa hiyo walioipata ni wakaguzi, wakemia na makarani wa kumbukumbu ambao majina yao hayatangazwi, na ingefaa watajwe kwa heshima ile ile tunayowapa wanariadha wetu wanaporudi na medali.

Na asidhani mtu kwamba hatari imekwisha kwa sababu vitabu vimekwisha kuandikwa. Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba huko Gambia watoto wasiopungua 66 walikuwa wamefariki, na kwamba dawa za maji za kikohozi na mafua zilizoingizwa nchini humo zimekutwa na daiethilini glaikoli, sumu ile ile ya mwaka 1937, baada ya miaka 85.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya hospitali, vituo vya afya na zahanati zetu, ambako tanuri la mvuke aghalabu huwekwa katika chumba cha nyuma na kukumbukwa linapoharibika tu: likihamishwa chumba, likibadilishwa kipimajoto au likitengenezwa, lisirudi kazini mpaka lipimwe upya likiwa limejaa vifaa, na matokeo yaandikwe. Na mhudumu anayelisimamia akisema kwamba kipimajoto chake kinakataa, asiambiwe kuwa ni kibovu kabla hakijapimwa.