Mikumi hadi Mbozi: Urithi wa Historia na Maumbile Kando ya Barabara Kuu ya TANZAM

Barabara Kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na mpaka wa Zambia katika mji wa Tunduma, hufahamika zaidi kwa malori ya mizigo na mabasi ya masafa marefu. Iliwekwa lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Pamoja na umuhimu huo wa kiuchumi, barabara hii hupita karibu na baadhi ya maeneo muhimu zaidi ya urithi wa Taifa katika mikoa ya Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe.

Mengi ya maeneo hayo yapo wazi, bila ukuta wala kioo cha makumbusho. Thamani yake hutegemea vitu vilivyomo kubaki mahali vilipo. Makala haya yanaeleza vituo vikuu vya safari hiyo kwa mfuatano wa kutoka mashariki kwenda magharibi, na mambo ambayo msafiri hana budi kuyazingatia.

Mikumi na Bonde la Mibuyu

Hifadhi ya Taifa Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu huikata hifadhi hiyo kwa takribani kilomita 50, hivyo twiga, pundamilia, nyati na tembo huweza kuonekana kutoka ndani ya basi. Kwa sababu wanyama huvuka barabara usiku na mchana, mwendo wa magari umewekewa ukomo, na dereva anayemgonga mnyama hutozwa faini.

Baada ya mji wa Mikumi, barabara hufuata Mto Ruaha Mkuu na kupita katika bonde lenye maelfu ya mibuyu, kisha hupanda Mlima Kitonga kwa kona kali hadi kwenye nyanda za juu za Iringa. Mlima huu unahitaji subira, kwani malori hupanda taratibu na nafasi ya kuyapita ni finyu.

Lugalo, Kalenga na Mlambalasi

Kabla ya kufika Iringa mjini, msafiri hupita Lugalo. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe, chini ya Mtwa Mkwawa, lilipokishambulia kwa kushtukiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kikosi hicho kiliangamizwa, na Zelewski mwenyewe akauawa.

Wajerumani walirejea wakiwa na mizinga, na mwezi Oktoba 1894 waliibomoa ngome ya Kalenga, iliyoko takribani kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Mkwawa aliendelea na vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi katika eneo la Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Madai ya kurejeshwa kwa fuvu hilo yalifika hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao Ibara yake ya 246 iliitaka Ujerumani kulikabidhi kwa Serikali ya Uingereza. Hata hivyo, lilirejea Kalenga tarehe 19 Juni 1954, wakati wa Gavana Edward Twining, kutoka makumbusho ya mji wa Bremen. Hivi sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga. Mlambalasi, iliyoko takribani kilomita 50 magharibi mwa Iringa, ina kaburi la shujaa huyo pamoja na pango la mwamba ambamo watafiti wamefukua mabaki ya binadamu wa Zama za Mawe.

Vituo hivyo viwili vipo upande wa njia iendayo Hifadhi ya Taifa Ruaha, kwa hiyo msafiri anaweza kuvitembelea katika safari moja. Ruaha, yenye lango lililoko zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa, ni miongoni mwa hifadhi kubwa kuliko zote nchini, na hufahamika kwa wingi wa tembo na simba.

Isimila

Takribani kilomita 20 kutoka Iringa, kando ya barabara iendayo Mbeya, lipo korongo la Isimila. Zamani eneo hili lilikuwa na ziwa dogo, na binadamu wa kale waliishi pembezoni mwake. Zana zao, hususan mashoka ya mawe yaliyochongwa pande mbili, zilibainika mwaka 1951, na uchimbaji wa kitaalamu ukafanyika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Ilionekana pia mifupa ya aina ya kiboko ambaye ametoweka duniani. Mvua na upepo vimechonga sehemu ya korongo hilo kuwa nguzo ndefu za udongo.

Zana hizo bado zimetapakaa ardhini, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtaalamu wa mambo ya kale hutambua umri na matumizi ya shoka la jiwe kwa kuangalia tabaka la udongo lililomo na vitu vilivyo jirani nalo. Likitiwa mfukoni na kupelekwa nyumbani, hubaki jiwe tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia ya aina hiyo.

Kitulo na Rungwe

Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda wake hufunikwa na maua, yakiwemo zaidi ya aina 40 za okidi. Moja ya sababu za kuihifadhi ilikuwa uchimbaji wa viazi vya okidi, ambavyo husafirishwa hadi Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Ua linalokatwa laweza kuchipua tena, lakini kiazi kinapong'olewa mmea wote hufa.

Kutoka Uyole, barabara iendayo Tukuyu humfikisha msafiri kwenye Ziwa Ngosi, lililomo ndani ya kreta ya volkano na hufikiwa kwa kupanda mlima kwa miguu msituni. Mbele zaidi, katika Wilaya ya Rungwe, Mto Kiwira hupita chini ya Daraja la Mungu, daraja la asili lililotokana na lava.

Kimondo cha Mbozi

Kituo cha mwisho kipo Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, takribani kilomita 70 kutoka Mbeya mjini. Kimondo hiki, chenye urefu wa takribani mita 3, ni miongoni mwa vimondo vikubwa duniani, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Wenyeji walikifahamu tangu zamani, ingawa kiliripotiwa rasmi mwaka 1930. Hakuna shimo linaloonyesha mahali kilipoangukia, ishara kwamba kilianguka zamani sana.

Maandalizi ya Safari

Safari nzima yahitaji angalau siku saba. Miezi ya Juni hadi Oktoba hufaa zaidi kwa kuona wanyama Mikumi na Ruaha, wakati msimu wa mvua ndio wa maua ya Kitulo. Anayechagua maua ajiandae kwa utelezi na atumie gari imara. Nguo za baridi ni za lazima Iringa, Kitulo na Rungwe, hasa Juni na Julai. Ni vyema kuthibitisha viingilio na utaratibu wa malipo kabla ya kuondoka.

Mgeni anashauriwa kuongozana na mwongozaji wa kituo husika, kutoandika wala kukwaruza miamba na nguzo, na kutookota kitu chochote. Fuvu la Mkwawa lilichukua miaka zaidi ya 50 kurejea Kalenga, na lilirejea kwa sababu lilikuwa na watu waliolidai. Shoka la jiwe la Isimila au kiazi cha okidi cha Kitulo hakina jina, na kikiondoka hakuna atakayejua pa kukirudisha.