Moshi wa Nyumba ya Mama

Niliuguza watoto katika wadi za Nyeri hadi nilipostaafu. Waliobanwa na kifua walijaa zaidi mwezi wa Julai, ukungu unaposhinda mchana kutwa. Kila nilipomvua mtoto sweta, harufu ya moshi wa kuni ilinifikia kabla sijaona ngozi ikizama kati ya mbavu anapovuta pumzi.

Moshi huo una historia. Nyumba ya mama ya Kikuyu ilikuwa ya msonge, bila dirisha. Mafiga matatu yalikaa katikati, watoto wakilala karibu na moto, mbuzi wa kunoneshwa humo humo. Kwa baridi ya mlimani, nani angeuzima? Moshi ulijipenyeza polepole kwenye nyasi za paa. Baba alilala kwake, thingira.

Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwaswaga watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Nyumba zilibanana. Kafyu ikiingia, mama mwenye mtoto anayehema alikuwa amefungiwa naye.

Wakati huo huo, 1956, inhela ya kwanza ya kupuliza ilianza kuuzwa Marekani. Dawa ya salbutamol, inayofungua mirija ya hewa, ikafuata Uingereza 1969. Wadini kwetu tulitegemea sana vidonge vya efedrini na sindano ya aminofilini. Kifua kilifunguka, lakini mtoto alibaki akitetemeka, moyo ukienda mbio.

Hata hivyo, tusiutwike moshi lawama zote. Wanafunzi wa Nairobi na Murang'a walikimbishwa kwa majaribio, kisha wakapimwa pumzi; matokeo yalichapishwa 1998. Mirija ya hewa ilibana kwa watoto 23 hivi katika kila 100 wa Nairobi, na 13 wa Murang'a, kwenye kuni nyingi zaidi. Moshi humchokoza mwenye pumu, ila pumu ina vyanzo vingine pia.

Kuhusu tiba, mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi ya kifaa cha dukani cha kupitishia dawa ya inhela. Unatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu liikamate inhela barabara. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unapuliza, naye anavuta pumzi taratibu.

Kinachoniuma ni desturi tuliyorithi enzi za vidonge: kutibu usiku wa shambulio tu. Beklometasoni, dawa ya kuvuta kwa inhela, hutumiwa kila siku, hata mtoto anapocheza mpira, kwa sababu hutuliza uvimbe wa mirija ambao mzazi hauoni. Akina mama wengi huiacha kifua kikinyamaza, na Julai wanarudi tena foleni.