Kahawa ni Yao, Ushirika Waliuiga

Kahawa ya Karagwe na Kyerwa haikuletwa na mmisionari. Muda mrefu kabla ya ukoloni, Wanyambo, kama jirani zao Wahaya, walichemsha robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, wakaitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa akamwani, na waliochanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja.

Kilichoigwa ni namna ya kuiuza.

Mwalimu alikuwa Mchagga. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU: vyama vya msingi vijijini vikusanye, chama kikuu kiuze. Njia haikuwa laini. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walivamia maghala wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia ushirika. Mwaka huohuo Bukoba, kwa Wahaya, nako kulichafuka, wakulima wakizikataa kanuni za kilimo cha kahawa. Hata hivyo, mwaka 1950 Bukoba ikapata chama chake kikuu, BNCU, kwa ngazi zilezile za Kilimanjaro.

Lakini hawakuiga kila kitu. Mchagga aliosha arabika yake; huku robusta iliendelea kuanikwa nzimanzima na kuuzwa ikiwa na maganda, ukoboaji ukiachiwa kiwanda.

Serikali ilivifuta vyama vikuu mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1990 Karagwe ikasimama na chama chake, KDCU. Kyerwa ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2012, chama kiliendelea kuzihudumia wilaya zote mbili.

Pamoja na mfumo yalikuja maradhi yake: makato mengi, malipo ya awamu na ya kusubiri. Mwenye kudaiwa ada ya shule hangoji malipo ya pili. Huuza butura, kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, au magunia huvushwa usiku mpakani Murongo kwenda Uganda, anakolipwa papo hapo.

Katika miaka ya karibuni umeigwa mfano mwingine, safari hii kutoka kwa wakulima wa korosho wa kusini: kahawa hukusanywa ghalani, wanunuzi hushindana mnadani, na bei husikika hadharani. Hapo butura imepata mpinzani, maana mkulima anaijua thamani ya anachouza. Bado fedha zinapaswa kumfikia kabla shule hazijafunguliwa. Murongo haiko mbali.