Vali Zilizofungwa Embakasi

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliyotoka Frankfurt ilipaa kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, kuelekea Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157. Mara tu ilipoacha ardhi ilianza kutikisika. Nahodha alidhani ni magurudumu, akaagiza yakunjwe. Kisha usukani wenyewe ukatetemeka, onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Marubani walishusha pua ili waongeze mwendo, lakini walikuwa futi 100 hivi tu kutoka chini. Ndege ilianguka zaidi ya kilomita moja kupita mwisho wa njia ya kurukia, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa, 98 wakaokoka. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 yenye vifo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba flapu za nyuma ya mabawa zilishuka sawasawa, ila zile za ukingo wa mbele hazikufunguka. Hizo za mbele husukumwa na hewa ya shinikizo kutoka kwenye injini, na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Bila flapu hizo, bawa haliwezi kubeba uzito wa kupaa kwa mwendo ule, sembuse Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Mhandisi wa ndege, ambaye vali zilikuwa kazi yake, alishtakiwa kwa uzembe, na mwaka 1981 mahakama ikamwachia huru.

Nikiwa mwanafunzi wa historia, ninachokirudia katika kisa hiki ni mpangilio wa matukio. Kabla ya Embakasi, matukio mawili yanayofanana na hili yalikwisha kuripotiwa, ila hayakuishia kwenye ajali. Mfumo wa kuwaonya marubani kwamba flapu za mbele hazijafunguka uliongezwa baada ya watu 59 kufa. Kwa hiyo kosa lilianza mapema, kwenye meza zilizopokea ripoti zile, mbali na kiti cha mhandisi.

Ndiyo maana nikisoma kwamba chanzo cha ajali ni "kosa la binadamu", huuliza kwanza: binadamu yupi, na mwaka gani?