Printa moja, watu wengi

Leo siandiki habari za bumu wala mgomo. Msimu huu wa kukusanya kazi za semina kila mtu anailalamikia printa ya maabara: unabonyeza, kazi inaingia kwenye foleni, ukifika unakuta karatasi imenasa tangu saa tatu. Mimi nasoma historia ili nikaifundishe, basi nikafuatilia huu utaratibu wa kuchangia printa ulianzia wapi.

Ulianzia Palo Alto, Marekani, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox. Mwaka 1971 alihamia pale Gary Starkweather, jamaa ambaye mabosi wake wa mwanzo hawakulipenda wazo lake la kuchora maandishi kwa leza. Alichukua mashine ya kutoa kopi akaigeuza kuwa printa ya ukurasa mmoja kwa sekunde. Sasa dude kama lile huwezi kumpa kila mtu la kwake! Ikabidi kompyuta zao, Alto, ziunganishwe nalo, na waya wa kasi ukahitajika. Mwaka 1973 Bob Metcalfe akaandika wazo la Ethernet. Yaani printa ni mojawapo ya sababu za kuwa na mtandao huu wa waya tunaoutumia maofisini.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha MIT. Printa yao ya zamani ilinasa karatasi mno, ila Richard Stallman alibadili programu ili ikikwama, wote wanaosubiri wapate ujumbe kwenye kompyuta zao. Mmoja anainuka, anaitengeneza, kwisha. Karibu na 1980 Xerox wakawapa mpya ya leza, lakini msimbo wa programu yake hawakuutoa. Stallman akamfuata mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Akanyimwa, kwani jamaa alishaahidi kutompa mtu. Kinyongo kile hakikumtoka, na Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao programu zake leo zinatembea pamoja na Linux.

Wapo wanaosema alikuza mambo. Mimi namwelewa kabisa: watu wazima wenye akili zao, wanazuiwa kurekebisha kitu kinachowakwamisha wote!

Maofisini kuchangia kulikolezwa na bei. LaserWriter ya Apple ilitoka 1985 kwa dola 6,995, na kwa AppleTalk kompyuta kadhaa ziliitumia kwa pamoja. Ikigawanywa hivyo, hata bosi bahili alishawishika.