Mpelelezi Aliyeitwa Bwana: Johannesburg Baada ya Vita

Mwaka 1953 jarida la Drum la Johannesburg lilianza kuchapisha hadithi fupi za upelelezi kwa mfululizo. Ya kwanza iliitwa Crime for Sale, yaani uhalifu unauzwa. Mwandishi alijiita Arthur Mogale, lakini jina lake halisi lilikuwa Arthur Maimane, kijana aliyezaliwa mwaka 1932 na kusoma shule ya St Peter's, Rosettenville. Mpelelezi wake alimpa jina la O. Chester Morena.

Ndugu msomaji, tulitazame kidogo jina hilo. Kwa Kisotho, morena ni bwana, mkuu, mtawala. Katika Johannesburg ya mwaka ule, Mwafrika mwenye mvi na wajukuu aliitwa "boy" na mtoto wa mwajiri wake. Maimane akamchukua Mwafrika wa mjini, akampa kazi ya kuuliza maswali na kudai majibu, kisha akampa jina ambalo kila anayelitamka, apende asipende, anamwita Bwana. Kabla hata kesi haijaanza, jina peke yake lilikuwa limeshasema jambo.

Hadithi hizi zilizaliwa na vita. Drum yenyewe ilianzishwa Cape Town mwaka 1951, ikahamia Johannesburg mwaka huohuo, na walioijenga walikuwa watu wa vita: mwenyewe Jim Bailey alikuwa rubani wa ndege za kivita za Uingereza, mhariri Anthony Sampson alitoka jeshi la majini, na mwandishi wake mkuu wa habari, Henry Nxumalo, aliwahi kutumika na jeshi la Afrika Kusini huko Afrika Kaskazini. Zaidi ya Waafrika 70,000 wa Afrika Kusini walijiunga na jeshi katika Vita Kuu ya Pili. Lakini tofauti na babu zetu wa Keya waliobeba bunduki hadi Burma, wao sera ya serikali ilikuwa wasipewe silaha za moto. Waliendesha malori, walibeba majeruhi, walichimba mahandaki. Vita vilipokwisha walirudi na maneno ya uhuru masikioni, wakaikuta nchi ileile. Mwaka 1946 wachimba dhahabu waligoma, wakapigwa. Mwaka 1948 chama cha National kilishika madaraka, na neno apartheid likawa sheria.

Wakati huohuo mji ulikuwa umefurika. Viwanda vya wakati wa vita viliita watu kutoka mashamba, na nyumba hazikuwapo. Tangu mwaka 1944 James Mpanza aliwaongoza watu wasio na makao kujenga vibanda vyao Orlando. Sophiatown, mtaa ambao Waafrika waliweza kumiliki viwanja, ulijaa wapangaji hadi uani. Palikuwa na muziki, sinema, pombe za siri, na magenge. Genge moja maarufu lilijiita Americans, likavaa suti za Kimarekani. Vijana walikariri maneno ya majambazi wa filamu, na vitabu vya Peter Cheyney na James Hadley Chase vilipita mkono hadi mkono. Marekani nako, baada ya vita, kachero wa hadithi alikuwa mtu wa mjini, mpweke, asiyeiamini serikali wala matajiri. Maimane hakuwa na haja ya kulazimisha mtindo huo. Alivaa vazi lililokwisha kukatwa, likamkaa.

Lakini palikuwa na tatizo moja ambalo waandishi wa London na New York hawakuwa nalo. Hadithi ya upelelezi husimama juu ya sheria. Mtu anavunja sheria, mwingine anamtafuta, mwisho anakamatwa, na sisi wasomaji tunafunga kitabu tukiwa tumeridhika kuwa haki imetendeka. Sasa, itakuwaje pale ambapo sheria yenyewe ndiyo inayomtia mtu hatiani asubuhi anapofungua mlango? Mwaka 1952 ilitungwa sheria iliyodai kufuta vipande; kumbe ilileta kitabu kimoja kikubwa zaidi, ambacho kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kutembea nacho. Pombe kali za dukani Mwafrika hakuruhusiwa kununua hadi mwaka 1962. Askari Weusi walikuwapo, lakini wakazi wa Sophiatown waliwajua zaidi kwa kudai vipande na kumwaga pombe kuliko kwa kutafuta wauaji. Mwandishi gani angemfanya askari wa namna hiyo awe shujaa, na msomaji gani angempenda?

Ndiyo maana Morena si polisi. Anajitegemea, analipwa na mteja, na anajua njia za wahuni. Wahakiki wengine waliziona hadithi hizi kuwa ni kuiga tu sinema. Mimi naona jambo zaidi. Ilipokuwa Mwafrika hawezi kuwa mlinzi wa haki kwa njia ya sheria, fasihi ilimtafutia njia ya uchochoro.

Hebu tulinganishe na kwetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa kisa cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, mwenye utulivu wa Sherlock Holmes. Bwana Msa naye si polisi, lakini anakaa na Inspekta Seif, wanazungumza, wanasaidiana. Unguja ilikuwa chini ya ukoloni, lakini mwandishi aliweza kumfikiria inspekta ambaye ni mtu wa watu. Johannesburg ya Maimane haikumpa nafasi hiyo. Wapelelezi wawili, miaka michache tu kati yao, mmoja Bwana na mwingine Morena, maana ileile. Ila mmoja alikuwa na mlango wa kituo cha polisi wa kuingilia, mwingine alikuwa nao wa kuukimbia.

Hata hivyo, chumba kilekile cha habari kilikuwa na mpelelezi wa kweli. Henry Nxumalo, aliyeitwa Mr Drum, alijiandikisha kama kibarua ili aone jinsi vibarua walivyoteswa katika mashamba ya Bethal, na habari yake ikatoka Machi 1952. Mwaka 1954 alijitahidi akamatwe kwa kosa la kutembea usiku bila kibali, akafungwa siku 5 katika gereza la Johannesburg, akatoka na kuandika aliyoyaona: vipigo, matusi, na wafungwa waliovuliwa nguo na kuchezeshwa uchi wakati wa kupekuliwa. Mwenzake Bob Gosani alipata picha ya kuthibitisha. Hapa, kama utakavyoona, mambo yamepinduka. Mpelelezi anaingia gerezani kama mhalifu ili akagundue uhalifu wa wenye gereza.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1957, Nxumalo alikuwa akifuatilia habari za daktari aliyeshukiwa kutoa mimba kinyume cha sheria. Asubuhi alikutwa ameuawa kwa kuchomwa visu. Hakuna aliyehukumiwa. Katika hadithi, sura ya mwisho ingemtaja muuaji. Katika Johannesburg ya kweli sura hiyo haikuandikwa.

Sophiatown ilianza kubomolewa Februari 1955, wakazi wakapelekwa Meadowlands, na mahali pao pakaitwa Triomf, yaani ushindi. Maimane aliondoka mwaka 1958 kwenda Ghana, kisha Uingereza, akawa mmoja wa watu wa ughaibuni kama sisi. Alifariki mwaka 2005. Mwaka 1966 serikali ilipiga marufuku maandishi ya wenzake wengi wa Drum, wakiwamo Can Themba na Bloke Modisane. Kwa miaka mingi, kizazi kizima nchini humo kilikua bila kuyasoma.

Wenzetu wanaoishi Johannesburg wanaweza kuyafuata haya kwa miguu. Gereza la Nxumalo ndipo ilipo Mahakama ya Katiba tangu mwaka 2004. Sophiatown imerudishiwa jina lake. Newtown kuna mtaa unaoitwa Henry Nxumalo. Ukipita, kumbuka: ni jina la mpelelezi ambaye kesi yake bado haijafungwa.