Ukumbi wa Mtaa, Daftari la Mzee na Nyumba ya New Street

Nimekuwa kimya wiki tatu na sababu si uvivu peke yake. Nimechaguliwa katibu wa kamati ya ukarabati wa ukumbi wa mtaa wetu hapa Dar. Uchaguzi wenyewe ulikuwa hivi: mwenyekiti aliuliza nani anaweza kuandika muhtasari, mama mmoja akajibu kutoka nyuma, "Si yupo yule kijana wa magazeti?" Mchezo ukaishia hapo.

Ukumbi wetu ulijengwa mwaka 1976 na wakazi wenyewe. Leo bati limekula kutu, kenchi mbili zimeliwa na mchwa, na choo tusikiongelee. Mvua ikinyesha, akina mama wa VIKOBA wanahamisha sanduku lao la fedha kwenye kona moja ambayo haivuji. Kona hiyo wanaiita benki.

Sasa kamati imegawanyika. Amejitokeza mfadhili, mfanyabiashara, anayetaka kugharamia kila kitu: dari la jipsam, vigae, feni, rangi ndani na nje. Ameomba mambo mawili tu. Jina lake liwekwe juu ya mlango, na ratiba ya kukodisha ukumbi isimamiwe na mtu wake. Upande wa pili wapo wanaosema tuchange wenyewe, tuanze na paa, vigae vitakuja vikija.

Nakiri kwamba nilikuwa upande wa mfadhili. Hata barua ya shukrani nilikwisha iandika. Lakini ugonjwa wetu waandishi ni kupekua vitu vya zamani, na nilipopekua nikajikuta Dar es Salaam ya miaka ya 1950.

Nenda Mnazi Mmoja. Pale kuna ukumbi wa Arnautoglu, ambao wengi wetu tunautamka Anatoglo na hatujui jina limetoka wapi. Limetoka kwa George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha za kuujenga. Ulikuja wakati wake hasa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga vituo vya ustawi mijini, ikiwafikiria kwanza askari waliokuwa wanarudi kutoka Burma na kwingineko. Iliona afadhali vijana wa mjini wacheze, wasome na wajifunze ushonaji mahali ambapo afisa ustawi anawaona, kuliko wakae vijiweni wakiongea mambo yasiyojulikana.

Wakaongea hayo hayo mambo, tena ndani ya ukumbi. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, Tanganyika African Association ilifanya uchaguzi na mwalimu kutoka shule ya Pugu, Julius Nyerere, akamshinda Abdulwahid Sykes kiti cha urais. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba ukumbi wa msaada hauna maana. Historia yetu imepita ndani ya ukumbi wa msaada.

Lakini angalia kilichofuata. Agosti mwaka huo huo serikali ilitoa waraka namba 5 wa kuwazuia watumishi wake kuwa wanachama wa TAA. Wasomi wengi wa wakati ule walikuwa watumishi wa serikali, kwa hiyo hilo lilikuwa pigo la shingo. Na mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walipokutana kuzaa TANU hawakukutana Mnazi Mmoja. Walikutana New Street, mtaa ambao leo tunauita Lumumba, kwenye nyumba ya chama chao wenyewe.

Nyumba ile ndiyo iliyonigeuza. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, rais wa kwanza akiwa Cecil Matola na katibu Kleist Sykes, baba yake Abdulwahid. Kleist alikuwa mtu wa reli, mtu wa karatasi na hesabu. Wanachama walikuwa makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo, watu wa mishahara unayoimaliza kabla ya tarehe 15. Miaka ya mwanzo ya 1930 walijenga nyumba yao kwa michango na kwa kujitolea. Haikuwa na fahari ya ukumbi wa Mgiriki. Ila hakuna afisa aliyeweza kuwaambia ufunguo haupo, njooni kesho.

Zaidi ya miaka ishirini kati ya nyumba kujengwa na TANU kuzaliwa humo! Muda wote huo kuna mtu alilipa kodi ya kiwanja, kuna mtu alinunua mafuta ya taa, kuna mtu alipanda juu kuziba paa. Hao hatuna majina yao. Tuna majina ya waliopiga picha.

Hapa nchini tuna mapenzi makubwa na siku ya uzinduzi. Bajeti ya serikali yenyewe ina mafungu mawili, maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga kunakaa kwenye maendeleo, kunakatwa utepe, kunapigwa picha. Kutengeneza kunakaa kwenye matumizi ya kawaida pamoja na mishahara, na mishahara ikishakula kinachobaki ni makombo. Mwaka 1971 tulianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kufikia 1991. Visima vikachimbwa, pampu zikafungwa. Kisha dizeli ikakosekana, vipuri vikakosekana, pampu zikawa viti vya watoto kukalia. Majirani zetu Wakenya walionja kitu hicho hicho na harambee: wananchi waliinua madarasa kwa jasho lao, halafu wakakaa kusubiri walimu.

Nirudi mtaani. Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa mweka hazina wa ujenzi mwaka 1976. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mfadhili. Hakujibu. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule lenye jalada lililofungwa na uzi. Ndani kuna majina kwa kufuata mabalozi wa nyumba kumi, na mbele ya kila jina: shilingi kadhaa, au mfuko wa saruji, au "siku 2 kuchanganya zege". Marehemu bibi yangu yumo. Kaandikiwa "ndoo za maji, kila Jumamosi".

"Mwanangu," akaniambia, "tulikosea jambo moja. Tulipomaliza kujenga tulifunga hesabu."

Maana yake daftari linaishia siku ya ufunguzi. Hakuna ukurasa wa paa, hakuna senti ya rangi ya mwaka uliofuata. Halafu kuna kosa la pili ambalo yeye hakulitaja, nimelitaja mimi kwenye kamati. Ukumbi ulijengwa wakati halmashauri za miji zimefutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972, na zilirudi mwaka 1978. Basi ukumbi ukakaa bila karatasi ya kusema ni wa nani. Watu walidhani jambo hilo linajulikana tu. Hata nyumba ya New Street ilianza kama nyumba ya Waafrika wote wa mjini, ikawa ya TANU, na leo kwenye kiwanja kile ipo ofisi ya CCM. Silaumu mtu, nasema tu kwamba nyumba ya wote humfuata anayeshika karatasi.

Kwa hiyo kikao kilichopita nilisoma makadirio mapya. Kwanza paa na kenchi, pili choo, tatu umeme. Vigae nimevifuta, na mwenyekiti wa vijana amenuna mpaka leo kwa sababu ya kitchen party. Nimeweka fungu la matengenezo: sehemu ya kumi ya kila pesa ya kukodisha ukumbi iende kwenye akaunti yenye watia saini watatu, mmoja akitoka kwa akina mama wa VIKOBA. Mfadhili tumemwandikia kwamba tunapokea mchango wake kama wa wengine, jina lake litaingia daftarini kwa ukubwa wa herufi zile zile alizoandikiwa bibi yangu. Nusu ya kamati wanasema nimewafukuzia bahati. Inawezekana. Hajajibu bado.

Tunakutana tena Jumapili saa kumi. Mimi nimepewa kazi ya kuleta bei za bati kutoka maduka matatu, na mzee amenikumbusha mara mbili nisisahau kuuliza na misumari, kwa sababu mwaka 1976 waliisahau.